Tunza Kwanza, Sherehe Baadaye: Mwongozo wa Urithi wa Kijiji kwa Wakulima wa Migori na Homa Bay

Kuandaa sherehe ya utamaduni si kazi ngumu. Mahema yanakodishwa, kikundi cha ohangla kinaalikwa, ng'ombe anachinjwa, mheshimiwa anahutubia, na jioni watu wanarudi makwao wameridhika. Shida huonekana wiki inayofuata. Mama anayejua kufinyanga bado hana mwanafunzi. Mtama wa zamani bado unapandwa katika boma moja tu. Mzee aliyepiga nyatiti jukwaani ameondoka na nyimbo zake, na hakuna aliyezirekodi.

Mwongozo huu ni wa kikundi chochote cha kijijini kinachotaka mambo yaende vingine: chama cha akina mama, kikundi cha vijana, kamati ya shule au jamaa wa ukoo mmoja. Msimamo wake ni kwamba urithi hudumu ukiwa na kazi ya kufanya katika mwaka wa mkulima. Kwa hiyo matunzo yanatangulia, na sherehe inakuja mwisho.

Ushahidi uko karibu. Thimlich Ohinga, boma la mawe lililo kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, linakisiwa kujengwa katika karne ya 16. Kuta zake zimepangwa kwa mawe makavu, bila tope wala saruji, zikiwa na unene wa wastani wa mita 1 na kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5. Waliozijenga walihama, wakaja wengine, nao wakahama. Kila waliofika walikarabati palipobomoka na kuongeza walipohitaji, kwa sababu kuta hizo ziliwalinda wao na mifugo yao. Mwaka 2018 UNESCO ililiingiza boma hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini kilicholifikisha hapo ni mikono ya wakazi waliorudisha jiwe mahali pake, kizazi baada ya kizazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hatua zinazofuata ni za kuziba ufa.

1. Orodhesheni mlicho nacho

Chagueni siku ya kiangazi, kazi ya shamba ikiwa imepungua. Wazee wawili au watatu, wa kike na wa kiume, watembee kijijini pamoja na vijana wenye simu na mtu mmoja wa kuandika. Msianze na maswali mapana kama "utamaduni wetu ni upi?" Ulizeni vitu vinavyoonekana. Mti huu mbona haukatwi? Kijito hiki kilipewa jina na nani? Nani bado anaweza kusuka dero la kuhifadhia nafaka?

Pangeni majibu katika mafungu matano:

- Mahali: mabaki ya maboma ya kale, chemchemi, vilima, miti ya mikutano, makaburi ya watu mashuhuri, mahali penye visa vyake kama Ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay au ufuo wa Nyandiwa kule Gwassi, panaposimuliwa habari za Nyamgondho.
- Mbegu na chakula: aina za mtama, wimbi, kunde, njugu, ufuta na mboga za kienyeji, pamoja na namna ya kupika na kuhifadhi.
- Ufundi: vyungu, vikapu, nyavu, vigoda, ala za muziki, ujenzi wa nyumba za udongo.
- Maneno na sauti: hadithi, vitendawili, nyimbo za kazi, majigambo ya pakruok, majina ya mashamba.
- Kanuni za mwaka: nani huanza kupanda, nani huonja mavuno ya kwanza, kazi ya pamoja huitishwaje.

Mbele ya kila kitu jazeni safu tatu: nani anakijua, ana umri gani, nani anajifunza kwake. Mkikuta mjuzi ana miaka 80 na safu ya tatu ni tupu, hapo ndipo pa kuanzia, hata kama kitu chenyewe hakina mvuto wa kupigwa picha.

Msisahau majirani. Kaunti hizi mbili si za Waluo peke yao. Wakuria wako Kehancha na Isebania, na Wasuba wako Mfangano, Rusinga na Gwassi. Saga ya Waluo na risaga ya Wakuria zote ni kazi ya kusaidiana shambani. Kijiji kilicho mpakani kikiziorodhesha pamoja, kitapata mengi ya kuzungumza.

Kubalianeni mapema pia kuhusu yale ambayo hamtayaendeleza. Ukeketaji umepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, na hakuna tamasha linaloweza kuutakasa kwa jina la mila. Kumlazimisha mjane kurithiwa ni vivyo hivyo. Mambo haya yaandikwe kama historia, yasirudishwe uwanjani.

2. Rekodini wajuzi wangali nasi

Mwaka 1938 Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo, alichapisha kitabu *Luo Kitgi gi Timbegi*. Ni kitabu cha Dholuo kuhusu desturi za Waluo, kilichoandikwa na mtu wa nyumbani kwa ajili ya watu wa nyumbani, na hadi leo wasomi hukirejelea. Hakungoja mtafiti atoke ng'ambo. Nanyi msingoje, maana simu iliyo mfukoni mwa kijana wa kijiji inatosha.

Kwanza, ombeni ruhusa. Mwelezeni mzee rekodi itatumika wapi na nani ataisikia, kisha mrekodini akitamka ridhaa yake. Akisema jambo fulani ni la ukoo tu, au ni siri ya dawa, liwekeni kando na mliheshimu.

Pili, mrekodini akifanya kazi. Mfinyanzi aliyeketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kamera atawapa sentensi tatu za adabu. Mfinyanzi mwenye udongo mkononi atawapa elimu nzima. Mwacheni akande, ainue kuta za chungu kwa vipande vya udongo alivyovisokota kama kamba, azilainishe kwa maji, kisha abiringishe kikamba kilichosukwa juu ya shingo ya chungu hadi alama za nakshi zijitokeze. Muulizeni anapofanya: udongo huu unachimbwa wapi, na nani anaruhusiwa kuuchimba? Unajuaje kwamba umekauka vya kutosha kuchomwa? Kuni gani zinafaa? Chungu kikipasuka motoni, kosa lilikuwa wapi? Swali hilo la mwisho lina faida kubwa, kwa sababu fundi hueleza ufundi wake vizuri zaidi anapoeleza kilichoharibika.

Tatu, tumieni lugha yake. Mwacheni azungumze Dholuo, Igikuria au Olusuba. Tafsiri ya Kiswahili inaweza kuja baadaye. Olusuba inahitaji haraka ya pekee, kwani Wasuba wengi wamehamia Dholuo na watoto wachache hulelewa kwa lugha ya babu zao. Kisiwani Mfangano redio ya jamii ya Ekialo Kiona imetumia Olusuba hewani, na Makavazi ya Amani ya Jamii ya Abasuba yanahifadhi historia yao. Ikiwa kijiji chenu kina wasemaji, wasilianeni nao kabla ya kuanza upya kazi iliyokwisha kuanzwa.

Nne, hifadhini nakala zaidi ya moja. Faili lipewe jina linaloeleweka: tarehe, mahali, jina la mjuzi, mada. Nakala moja ikae kwenye kompyuta ya shule, ya pili kwenye flashi kwa mweka hazina, ya tatu kwenye intaneti au kwa jamaa aliye mjini. Simu huibiwa, huanguka majini, huuzwa. Hatimaye mpelekeeni mjuzi na familia yake nakala yao. Wengi waliowahi kuhojiwa hawakuwahi kusikia sauti zao zilikoishia.

3. Rudisheni mbegu shambani na mboga jikoni

Kwa jamii ya wakulima, punje ni urithi sawa na wimbo. Wakulima wa Nyanza wamepanda mtama wa aina kama Ochuti na Andiwo kwa miaka mingi. Mahindi yalipotawala sahani, na miwa ikaenea karibu na kiwanda cha sukari cha Sony pale Awendo, mashamba ya mtama na wimbi yalipungua. Ujuzi wake ulipungua nayo: kwamba mtama mwekundu wenye ukali hauliwi sana na ndege, au kwamba unga wa wimbi uchanganywe na nini ili uji ukolee.

Benki ya mbegu ya kijiji haihitaji jengo. Inahitaji mpango huu:

1. Chagueni mbegu mmea ukiwa bado shambani, si baada ya kurundika mavuno. Wekeni alama kwenye mashuke mazuri ya mimea mingi yenye afya, sio shuke moja kubwa tu, ili aina isipoteze tabia zake.
2. Anikeni hadi punje ikiumwa ipasuke kwa sauti badala ya kubonyea.
3. Changanyeni kunde na majivu makavu yaliyochekechwa, kiasi cha kujaza nafasi kati ya punje, ili bungo wasipate njia. Mashuke ya mtama yanaweza kuning'inizwa juu ya meko yapate moshi.
4. Hifadhini katika chungu, kibuyu au mtungi uliozibwa vizuri, mahali penye ubaridi na giza. Andikeni jina la aina, shamba ilikotoka na mwaka.
5. Kila aina itunzwe na familia tatu zinazokaa mbalimbali, ili moto au panya wa nyumba moja wasiimalize.
6. Wekeni siku ya kubadilishana mbegu kabla ya mvua za chwiri, yaani masika, na nyingine kabla ya opon, mvua za vuli. Anayechukua bakuli moja arudishe mawili baada ya mavuno.

Kwa muda mrefu wakulima walihofia sheria ya mbegu iliyowabana wasigawane wala kuuziana mbegu zisizosajiliwa. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha katiba. Kabla ya kuuza kwa wingi, muulizeni afisa wa kilimo wa wadi hali ilivyo sasa. Mnaweza pia kuomba aina zilizopotea kwenye benki ya taifa ya mbegu iliyoko Muguga, au kupeleka huko sampuli za aina zenu.

Jikoni kuna kazi sawa na hiyo. Mnavu, yaani osuga, na akeyo ni mboga chungu. Akina mama wa Kiluo huzichemsha, humwaga maji ya uchungu, kisha huzipika kwa moto mdogo pamoja na maziwa, wakiongeza na kupasha upya kwa siku mbili tatu hadi zilainike na kukolea. Kijana aliyezionja zikiwa zimechemshwa mara moja na kukaangwa haraka ana haki ya kuzichukia. Andaeni siku ya mapishi ambapo kila nyanya anapika na mjukuu mmoja, na mjukuu ndiye anayeandika hatua. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuinua vyakula vya kienyeji kuwa mfano bora wa kutunza urithi, na kazi hiyo ilianza kwa kuorodhesha vyakula pamoja na watoto wa shule. Shule yenu inaweza kufanya hivyo kwa daftari na kalamu.

4. Lindeni mahali, hata kama hapajulikani

Thimlich Ohinga ndilo boma kubwa na lililohifadhika kuliko yote, lakini haliko peke yake. Watafiti wamehesabu maeneo 138 yenye maboma 521 ya aina hiyo katika sehemu hii ya Nyanza. Mengi yamo ndani ya mashamba ya watu, na mwenye shamba huyaona kama rundo la mawe yanayofaa kujengea msingi. Ikiwa lako ni mojawapo, usiondoe mawe, usikubali mbuzi waruke ukutani, na usiruhusu miti iote juu ya ukuta, maana mizizi hupasua. Ukuta ukianguka, usiupake saruji. Piga picha jinsi mawe yalivyoanguka, kisha waite wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambao wana ujuzi wa kupanga mawe makavu.

Piga picha ya kila mahali pa kihistoria mara moja kwa mwaka, ukisimama palepale, na uzipange kwa mfululizo. Baada ya miaka mitano utaona ufa ambao jicho la kila siku halikuuona.

Kwenye rasi ya Homa tahadhari ni kubwa zaidi. Kanjera, Kanam na Nyayanga zimetoa masalia na zana za mawe za kale mno. Zile za Nyayanga, zilizotangazwa mwaka 2023, zina umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5. Jembe au korongo la mvua likifichua mfupa uliogeuka jiwe, au jiwe lililochongwa, usilichimbue wala kuliuza. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyegundua kitu kama hicho atoe taarifa ndani ya siku 7. Kilichong'olewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya maana yake, kwa sababu udongo unaokizunguka ndio unaotaja umri.

Kwa wenyeji wa Mfangano, michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone isiguswe kwa mkono, isilowanishwe ili rangi ing'ae kwa ajili ya picha, na isizungushiwe chaki. Mwongozaji wa kijijini aliyelipwa vizuri ni ulinzi bora kuliko bango la onyo.

5. Kila mjuzi apate mwanafunzi

Rekodi huhifadhi sauti. Anayehifadhi ustadi ni mwanafunzi. Tazameni nyatiti: nyuzi nane, mpigaji ameketi chini, na kidoleni mwa mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ala ili kuweka mapigo, huku mikono ikidonoa na mdomo ukiimba. Hakuna video inayofundisha mguu na mkono kupatana. Hilo linahitaji kuketi kando ya fundi miezi kadhaa. Litungu la Wakuria linadai subira ileile.

Fanyeni makubaliano ya wazi. Mwanafunzi aje siku gani? Mwalimu atapewa nini: pesa, siku za kulimiwa shamba, au mavuno? Kikundi kinaweza kuitisha saga kwenye shamba la fundi wa muziki au mfinyanzi, ili muda anaoutumia kufundisha usimgharimu msimu. Kwa njia hiyo desturi moja inalipia nyingine.

Shule nazo zina nafasi. Mtaala wa umilisi unatambua lugha za kienyeji katika madarasa ya mwanzo. Zamani watoto walilala siwindhe, nyumba ya bibi, wakasimuliwa hadithi hadi usingizi uwachukue. Bweni haliwezi kuwa siwindhe, lakini saa moja kila Ijumaa ya bibi aliyealikwa darasani inawezekana bila bajeti.

Msiogope ubishi. Kanuni ya golo kodhi inataka mwenye boma na mikayi, mke wa kwanza, waanze kupanda kabla ya wengine. Vijana wengi hulalamika kwamba mvua inawapita wakimngoja mzee. Wapeni pande zote mbili nafasi ya kusema, mrekodi hoja zao, na muache kila boma liamue. Desturi inayojadiliwa bado ina wenyewe.

6. Jueni haki zenu

Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na inalitaka Bunge litunge sheria za kuzilipa jamii utamaduni wao unapotumiwa na za kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Utamaduni ilipitishwa mwaka 2016, nayo inazipa kaunti jukumu la kusajili maarifa hayo. Shughuli za utamaduni na makavazi ya mashinani ni kazi ya kaunti kikatiba, kwa hiyo mnapokwenda kwa mwakilishi wa wadi au ofisi ya utamaduni hamuendi kuomba hisani.

Mtengeneza filamu, kampuni ya dawa au mtafiti akija, takeni makubaliano ya maandishi kabla hajawasha kamera: anachukua nini, atakitumia wapi, jamii itapata nini, na nakala itarudi lini. Yasomwe kwa sauti barazani kwa lugha inayoeleweka na wote.

7. Sasa andaeni sherehe

Mkiwa na orodha, rekodi, mbegu na wanafunzi, sherehe itakuwa na kitu cha kuonyesha. Chagueni tarehe kwa kufuata kalenda ya shamba na ya familia. Agosti, mavuno ya masika yakiwa ndani, chakula kipo. Desemba watoto wa kijiji wanarudi kutoka Nairobi, Mombasa na kwingineko, na tamasha la Rusinga hufanyika mwezi huo. Msifunge siku yenu kwenye sikukuu ya serikali pekee: tarehe 10 Oktoba imekuwa Siku ya Moi, ikawa ya Utamaduni, sasa ni ya Mazingira.

Pangeni ratiba hivi: asubuhi maonyesho ya mbegu na matembezi kwenye maeneo ya kihistoria, mchana mapishi, alasiri wanafunzi wapige na kufinyanga mbele ya walimu wao. Wacheza ngoma walipwe. Hotuba ziwe fupi na zije baada ya wanafunzi, kwa kuwa wageni waheshimiwa wakitangulizwa huondoka na umati. Mpeni mwanasiasa kazi ya kupokea orodha ya mahitaji yenu hadharani, akaitie sahihi.

Wekeni hesabu wazi. Andikeni mapato na matumizi kwenye karatasi kubwa na muibandike kwa chifu wiki ileile. Vikundi vingi huvunjika kwa pesa, si kwa kukosa utamaduni.

Kabla mahema hayajarudishwa, kamati ikutane na ijibu maswali manne: mwaka huu ni aina ngapi za mbegu zimeongeza familia za kuzitunza? Wajuzi wangapi wamepata mwanafunzi? Rekodi ngapi zimefika kwenye nakala ya tatu? Ni ukuta, chemchemi au mti gani uko salama kuliko mwaka jana? Majibu yakiwa sifuri yote, mwakani fanyeni sherehe ndogo na muelekeze pesa kwenye kazi hizo.

Kwa wiki hii, watu watatu wanatosha. Tafuteni daftari, mkachore zile safu tatu, na jina la kwanza liwe la mjuzi mzee kuliko wote asiye na mwanafunzi. Mtembeleeni kabla ya Jumapili.